Bango la filamu: aina zake, kanuni zake na namna ya kulitengeneza mwenyewe

Mabango mengi ya filamu zetu huanza kutengenezwa filamu ikiwa tayari na tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa, na kikao huanza kwa swali la sura: tuweke nani, nani awe mkubwa, nani atanuna. Swali hilo lina zamu yake, ila likitangulia huharibu kazi yote. La kwanza ni bango litakaa wapi. Karibu kila kanuni ya mabango ya filamu duniani ilitokana na mahali yalipobandikwa: ukutani, dirishani kwa kinyozi, ndani ya kisanduku cha taa, juu ya meza ya muuza DVD, na siku hizi kwenye kioo cha simu. Ukishajua mahali, nusu ya maamuzi hujipanga yenyewe.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme umetengeneza filamu fupi iitwayo *Kifurushi*: dereva wa bodaboda wa Tanga anapewa mzigo usiku aufikishe mpakani Horohoro, na haambiwi umebeba nini.

Hatua ya kwanza: jua bango litakaa wapi

Kipimo kinachotawala hadi leo ni cha Marekani: inchi 27 kwa 41, ambacho tangu katikati ya miaka ya 1980 kimekuwa 27 kwa 40, yaani karibu sentimita 69 kwa 102. Ni bango la kusimama, la kuingia kwenye fremu ya mlangoni mwa sinema. Kando yake palikuwa na ukoo mzima. Kadi za ukumbini, inchi 11 kwa 14, zilitolewa kwa kawaida nane nane, kila moja na tukio lake, kwa sababu mtu aliyesubiri ukumbini alikuwa na muda wa kuangalia. Kadi za dirishani, inchi 14 kwa 22, ziliachwa wazi sehemu ya juu ili mwenye sinema aandike jina la ukumbi wake na siku za maonyesho, kisha akawaombe wenye maduka wazibandike. Kwa barabarani kulikuwa na bango la karatasi 24 zilizounganishwa, lenye upana wa zaidi ya mita sita. Hapo hakuna atakayesoma sentensi, gari linapita.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabango ya Marekani yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, ndiyo maana ya zamani yana alama za mikunjo hata yakiwa hayajawahi kubandikwa. Visanduku vya taa vilipoenea, wachapishaji wakaanza kuchapa pande zote mbili: nyuma huwekwa picha ileile iliyogeuzwa kama kwenye kioo, ili taa ikipenya rangi zisififie.

Uingereza walizoea bango la kulala, inchi 30 kwa 40. Filamu ileile iliyokuwa na bango la kusimama Marekani ililazimu kupangwa upya kabisa ikifika London, na mara nyingi la Uingereza hutokea kuwa bora kwa sababu mchoraji alipata nafasi ya mandhari. Ufaransa wana bango kubwa la sentimita 120 kwa 160. Italia wana jembamba la 33 kwa 70, linaloenea hata kwenye nguzo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ghana. Miaka ya 1980 na 1990 waonyesha filamu walizunguka miji na vijiji wakiwa na televisheni, deki na jenereta. Bango la karatasi lingechanika safari ya kwanza, hivyo walichora kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja. Gunia hukunjwa, hupakiwa, huning'inizwa nje ya ukumbi wa muda na kuondoka kesho yake. Na kwa kuwa lilishindania macho ya mpita njia, mchoraji aliongeza nyoka, damu au jitu ambalo pengine halimo kwenye filamu. Leo mabango hayo yananunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

Sasa njoo kwetu. Filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 hadi mwanzoni mwa 2010 hazikupita sinema. Zilikwenda moja kwa moja kwenye diski. Bango lilikuwa kava, takriban sentimita 13 kwa 18, limelala mezani na kava nyingine nyingi. Mnunuzi alitafuta sura anayoijua: Kanumba yupo? Ray yupo? Kava lenye vichwa vitano vikubwa na jina la filamu lenye kung'aa lilikuwa jibu sahihi kwa meza ile. Wanaolicheka wanasahau meza. Tatizo limekuja baadaye, tulipolichukua kava lile, tukalikuza hadi ukubwa wa ukuta, kisha tukalibana tena liingie kwenye simu.

Kwa *Kifurushi*, orodha ya mahali huenda ikawa hii: WhatsApp na Instagram kwanza, ukurasa wa YouTube, fremu moja ya kusimama nje ya ukumbi siku ya uzinduzi, na maombi ya matamasha kama ZIFF la Zanzibar. Iandike kabla hujafungua kompyuta.

Hatua ya pili: chagua aina unazohitaji

Studio kubwa hutoa mabango kwa zamu. Linatangulia bango la kionjo, miezi kadhaa kabla: taswira moja, pengine jina, mwezi au mwaka wa kutoka, na hakuna majina ya waigizaji. Kazi yake ni kuzua swali. Kisha huja bango kuu lenye kila kitu: picha, jina, waigizaji, kaulimbiu, safu ya majina chini, tarehe. Katikati huweza kutolewa mabango ya wahusika, kila mmoja peke yake, yote kwa mpangilio mmoja. Haya yanawafaa sana watengenezaji wetu, kwa sababu yanamaliza ugomvi wa nani awe mkubwa: kila mwigizaji anapata lake na analisambaza mwenyewe. Filamu ikishazunguka matamasha, hutoka toleo lenye alama za matawi ya majani kwa kila tamasha lililoipokea.

Kuhusu hayo majani: weka ya matamasha yanayojulikana, mawili au matatu, basi. Bango lililojaa majani ya matamasha ya mtandaoni ambayo mtu analipia kuingia humfanya mteuzi wa filamu atabasamu vibaya.

Kwa bajeti ndogo tengeneza mawili: kionjo na bango kuu. Ukiwa na waigizaji wanaojulikana, ongeza ya wahusika.

Hatua ya tatu: tafuta ahadi moja

Bango halisimulii filamu. Linaahidi mtu atakavyojisikia akiitazama. Andika ahadi hiyo kwa sentensi moja kabla ya kuchora chochote. Ukiandika "ni hadithi ya dereva wa bodaboda ambaye..." hujafika, huo ni muhtasari. Kwa *Kifurushi* ningeandika: utakaa na wasiwasi wa kitu usichokiona. Mara moja unajua bango halipaswi kuonyesha kilichomo ndani ya mzigo, wala bastola, wala mhalifu.

Bango la *Jaws* la mwaka 1975 ni somo kamili la jambo hili. Mchoro wa Roger Kastel, uliofanywa awali kwa ajili ya jalada la riwaya, una mwanamke anayeogelea juu na papa anayepanda kutoka chini. Hakuna polisi, hakuna meya, hakuna boti, ingawa vyote vimo kwenye filamu. Macho ya mtazamaji yanapima umbali kati ya wale wawili, na umbali huo ndio filamu yenyewe. Mbunifu wa Marekani Saul Bass alifika mbali zaidi. Kwa *Vertigo* ya 1958 alitumia mzunguko wa mistari myeupe juu ya rangi ya machungwa, na vivuli viwili vya watu vinavyoangukia ndani yake. Nyota wa filamu ile walikuwa maarufu mno, na bado sura zao hazimo kwenye mchoro.

Poland baada ya Vita Kuu ya Pili waliweza kuthubutu hivyo kwa filamu nyingi, kwa sababu dola ndiyo iliyoagiza mabango na haikushindania tiketi kwa sura za nyota. Wasanii kama Henryk Tomaszewski na Jan Lenica walichora wazo. Sisi tunashindania tiketi, kwa hiyo sisemi uondoe sura ya stelingi wako. Nasema sura hiyo nayo itumikie ahadi. Dereva anayeangalia nyuma kwa pembe ya jicho, mzigo umefungwa kwa mpira nyuma yake, anafaa. Dereva anayetazama kamera akiwa amekunja mikono, kama mgombea udiwani, hafai.

Hatua ya nne: piga picha za bango ukiwa bado unashuti

Hapa ndipo bajeti ndogo huumia, na hesabu yenyewe ni fupi. Picha iliyokatwa kutoka kwenye video ya kawaida ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukiikata iwe ya kusimama kwa uwiano wa 2 kwa 3, unabaki na 720 kwa 1080. Ichapishe kwenye karatasi ya A1 yenye kimo cha sentimita 84 na utapata takriban pikseli 33 kwa kila inchi. Karatasi ya kutazamwa kwa hatua mbili inahitaji angalau 150. Hata video ya 4K itakupa 65 hivi. Tena fremu ya video mara nyingi imetikisika kidogo, jambo lisiloonekana ikitembea.

Kwa hiyo tenga saa moja katika siku ya kushuti, mavazi na vipodozi vikiwa tayari, na kamera ya picha za mnato. Piga mhusika akiwa amesimama wima na nafasi tupu juu ya kichwa chake, kwa ajili ya jina. Piga mikono. Piga kitu muhimu peke yake. Kwa *Kifurushi*, mzigo juu ya kiti cha pikipiki, taa ya nyuma ikiwaka. Piga barabara tupu bila mtu. Utashukuru baadaye. Waigizaji wakubali kwa maandishi kuwa picha hizo ni za matangazo, na picha za kuokota mtandaoni achana nazo: mwenye nayo akijitokeza filamu ikiwa imeshapata mnunuzi, mnunuzi ndiye atakayekimbia.

Hatua ya tano: mpangilio, rangi na herufi

Chora kwa penseli kwanza. Visanduku vidogo vya ukubwa wa kiberiti, kumi au zaidi kwenye ukurasa mmoja, kila kimoja na wazo lake. Kinachoeleweka kikiwa kidogo hivyo kitaeleweka kwenye simu. Programu utakayotumia baadaye ni shauri lako: Photoshop kwa anayeweza kuilipia, GIMP au Krita bure kwa picha, Inkscape kwa herufi.

Kila aina ya filamu ina lugha yake ya rangi ambayo watazamaji wameizoea bila kufundishwa. Za kutisha: giza, mwanga mmoja, sehemu ya mwili badala ya mwili mzima, jicho au mkono. Vichekesho vya Marekani: nyuma nyeupe, herufi nene nyekundu, watu wanaoshangaa. Mapigano: rangi ya machungwa dhidi ya buluu, kwa sababu rangi ya ngozi na moto husimama vizuri mbele ya buluu, na mara nyingi shujaa ametupa mgongo. Mapenzi: nyuso mbili karibu, hazijagusana bado. Tamthilia za matamasha: mandhari pana na mtu mdogo katikati.

Kuzijua lugha hizi kuna faida mbili. Ukizifuata, mtazamaji anajua mara moja amekuja sokoni kwake. Ukizivunja kwa makusudi, anasimama. Kisichofaa ni kuzivunja kwa kutojua, kama filamu ya msiba wa familia inayopewa milipuko nyuma kwa sababu fundi alikuwa nayo tayari kwenye kompyuta.

Kwa *Kifurushi* ningechukua usiku wa buluu iliyokolea na nukta moja nyekundu, taa ya nyuma ya pikipiki. Rangi mbili zinatosha. Mzigo ukae theluthi ya chini, barabara ipande juu na kupotea gizani, na jina likae kwenye giza hilo.

Jina la filamu ni sehemu ya picha. Usilibandike mwisho. Chagua aina moja ya herufi kwa jina na nyingine nyepesi kwa maneno yote yaliyobaki. Ondoa kivuli, mng'ao wa dhahabu na ukingo mweupe. Ukiona jina halisomeki bila hivyo vitu, limewekwa mahali pabaya. Na angalia leseni ya herufi zenyewe, maana nyingi za bure ni za matumizi binafsi tu.

Kaulimbiu iwe kama jina la kanga: fupi, inaeleweka bila maelezo, na inaacha kitu moyoni. "Hakuuliza kuna nini ndani" inatosha kwa *Kifurushi*. Ikihitaji sentensi mbili, iache kabisa.

Hatua ya sita: majina, na vita vyake

Umewahi kuona bango ambalo jina lililo juu ya sura si la mwenye sura? Halikukosewa. Mpangilio wa majina huamuliwa na mikataba, mpangilio wa sura huamuliwa na mchoraji, na mara nyingi hawa wawili hawakukaa kikao kimoja.

Kushoto ni nafasi ya kwanza, kwa kuwa tunasoma kuanzia huko. Juu nako ni nafasi ya kwanza. *The Towering Inferno* ya 1974 ilikuwa na Steve McQueen na Paul Newman, na hakuna aliyekubali kuwa wa pili. Suluhisho likawa la mshazari: jina la McQueen kushoto lakini chini kidogo, la Newman kulia lakini juu kidogo. Kila mmoja akawa wa kwanza kwa namna yake. Mbinu hiyo inafanya kazi hadi leo, hata kwa waigizaji wa Sinza, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi. Njia nyingine ni kupanga kwa alfabeti na kuandika hivyo, au kumpa mkongwe nafasi ya mwisho akitanguliwa na neno "pamoja na". Nafasi ya mwisho yenye neno hilo ni ya heshima.

Bora zaidi, yaandike haya kwenye mkataba kabla ya kushuti. Baada ya uzinduzi kila mtu ana ndugu anayempigia simu.

Safu ya majina ya chini, ile yenye herufi ndefu nyembamba zilizobanana, nayo ina sababu yake. Mikataba ya Marekani hupima kimo cha herufi za majina kwa asilimia ya kimo cha herufi za jina la filamu. Ikisema kimo tu, mbunifu anapata upenyo: anachagua herufi ndefu lakini nyembamba, kimo kinatimia na majina yote yanaenea. Utaratibu wa kawaida huanza na kampuni inayowasilisha, kisha jina la filamu, waigizaji, mteuzi wa waigizaji, muziki, mavazi, uhariri, mandhari, upigaji picha, watayarishaji, mwandishi wa muswada, na mwongozaji hufunga. Mwongozaji kuwa wa mwisho ndiyo heshima yake. Usimhamishe juu ukidhani unampandisha.

Filamu fupi ya watu sita haihitaji safu hiyo. Mistari miwili inayosomeka ina adabu zaidi kuliko kuigiza bango la studio kwa kurudia jina moja mara nne. Acha nafasi ya daraja la umri litakalotolewa na bodi ya filamu ya nchi yako (Kenya madaraja ni GE, PG, 16 na 18), na waulize mapema kama bango nalo linahitaji kibali kabla ya kubandikwa.

Hatua ya saba: lijaribu

Lipunguze hadi upana wa kidole gumba kwenye simu, mwanga wa kioo ukiwa chini. Jina linasomeka? Kisha ligeuze liwe rangi ya kijivu. Kama picha na jina vinayeyukiana, tofauti ya mwanga na giza haitoshi. Halafu mwonyeshe mtu asiyeijua filamu kwa muda wa kusalimiana tu, lifiche, na umuulize ni filamu ya namna gani. Usimuulize kama limependeza. Atasema limependeza.

Kila mahali pa mtandaoni pana sehemu inayofunikwa. Picha ya YouTube, pikseli 1280 kwa 720, hufunikwa na muda wa video kona ya chini kulia, kwa hiyo usiweke neno hapo. Status ya WhatsApp, 1080 kwa 1920, hubeba jina la mwenye simu juu na sehemu ya kujibu chini. Usilazimishe bango moja liingie kote. Panga upya vipande vyake vilevile, kama Waingereza walivyofanya na bango lao la kulala.

Hatua ya nane: kuchapisha

Faili la sinema la uwiano wa 2 kwa 3 haliendani kamili na karatasi za A. Ukilichapa kwenye A1, yaani sentimita 59.4 kwa 84.1, litaacha mstari mweupe wa karibu sentimita 1.7 kila upande. Ama tengeneza toleo la A tangu mwanzo, ama ongeza mandhari ya nyuma pembeni. Usikubali fundi "alivute lijae", sura zitanenepa.

Badili rangi ziwe za mfumo wa CMYK, yaani wa wino nne za mashine ya kuchapa, na uangalie buluu na nyekundu zilivyopoa kabla hujazilipia. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatia, weka maandishi mbali na ukingo, geuza herufi ziwe michoro ili zisibadilike kwenye kompyuta ya dukani, na utoe PDF. Lipia kwanza nakala moja ya A4 kwenye mashine ileile. Usiku wa *Kifurushi* huenda ukatoka mweusi tititi, barabara ikapotea. Usiku huchapika mzito kuliko unavyoonekana kwenye kioo, basi ongeza mwanga kidogo kwenye vivuli. Flexi, lile turubai la plastiki la mabango, inafaa nje kwenye jua na mvua, lakini mng'ao wake hurudisha mwanga wa taa za ukumbini. Ndani tumia karatasi isiyong'aa.

Mwisho, hifadhi faili lenye tabaka zote, na nakala nyingine ya picha tupu isiyo na neno hata moja. Msambazaji akiitaka filamu kwa lugha nyingine, hiyo ndiyo atakayokuomba, na mara nyingi huitaka kesho asubuhi.